Mkataba ni mali ya wanachama

Leo sina somo la programu. Wale mnaosubiri sehemu ya tatu ya masomo ya hifadhidata nivumilieni, itakuja inshallah. Leo nataka tuzungumze juu ya sataranji na pesa, na nitaeleza kwa nini jambo hili linatuhusu sisi watu wa kompyuta kuliko tunavyodhani.

Swali langu ni fupi. Chama cha sataranji chenye wanachama wanaolipa ada kinatia saini mkataba na mdhamini, au na hoteli ya kufanyia mashindano, au na fundi wa kutengeneza mfumo wa usajili. Mkataba huo ni wa nani? Wa mwenyekiti aliyeshika kalamu? Wa kamati? Ama wa mwanachama aliyetoa ada yake?

Mimi nasema ni wa mwanachama. Na kama ni wake, ana haki ya kuusoma mzima, bei na yote, bila kupiga magoti mbele ya mtu. Kusomewa hesabu za mwaka mara moja kwenye mkutano mkuu hakutoshi. Kabla hatujaendelea niseme wazi kwamba simtuhumu mtu yeyote wa chama cha sataranji cha Kenya. Nazungumzia kanuni, na kanuni nzuri huwekwa kabla ya wizi.

Hesabu ni matokeo tu

Tuseme ripoti ya mwaka ina mstari huu: "Mfumo wa kompyuta, shilingi 600,000." Mkaguzi amepitia, risiti ipo, taarifa ya benki inakubaliana nayo. Hesabu ni safi. Sasa niambie, umejua nini? Hujui kama kuna fundi mwingine aliyeulizwa bei. Hujui mfumo ni wa nani baada ya malipo. Hujui data ya wachezaji, pamoja na watoto wa shule, iko kwenye seva ya nani. Hujui kama kuna ada nyingine italipwa kila mwaka hadi kiama. Hujui chama kikitaka kumwacha fundi huyo kitaondoka na data yake au kitaondoka mikono mitupu. Na hujui fundi mwenyewe ni shemeji ya nani.

Majibu ya maswali yote hayo hayako kwenye hesabu. Yako kwenye mkataba.

Sisi waandishi wa programu tunaijua vizuri tofauti ya kuona matokeo na kuona msimbo. Programu inaweza kukupa jibu sahihi leo, na ndani yake mna kosa litakaloiangusha kesho. Ukitaka kujua itafanya nini, fungua msimbo usome. Hesabu za mwaka ni matokeo. Mkataba ndio msimbo wenyewe: ndani yake mna masharti ya "ikiwa hivi, basi vile", mna faini, mna tarehe za mwisho, mna nani anabaki na nini mambo yakiharibika. Kumwonyesha mwanachama hesabu na kumficha mkataba ni kama kumwuzia mtu programu na kumwambia "niamini tu".

Hili silisemi kwa nadharia. Miaka kadhaa iliyopita chama kimoja cha wanachama, si cha sataranji na sitakitaja, kiliniomba bei ya mfumo wa kusajili wanachama wake. Nikatoa bei. Rasimu ya mkataba ilipokuja, nikakuta kifungu kinachonikataza kumwambia mtu yeyote kiasi nitakacholipwa, wakiwemo wanachama wa chama chenyewe. Nikauliza sababu. Nikajibiwa kwamba wanachama hawaelewi mambo ya kompyuta, watapiga kelele bure. Nikawaambia kiondoeni kifungu hicho, nitasaini kesho asubuhi. Hawakukiondoa, sikusaini, kazi ikaenda kwa mwingine. Alilipwa ngapi sijui mpaka leo. Wanachama nao hawajui. Kifungu kilifanya kazi kiliyotumwa kufanya.

Mchezo wa maandishi

Hebu tazameni ajabu hii. Sataranji ni mchezo wa maandishi. Katika mashindano rasmi kila mchezaji anaandika kwenye karatasi hatua zake na za mpinzani wake, moja baada ya moja. Kanuni za FIDE, shirikisho la dunia, ndizo zinazoagiza hivyo, na karatasi hizo ni mali ya waandalizi. Michezo mikubwa inaingia kwenye hifadhidata. Leo mtoto aliyekaa hapa Mokowe na simu yake anaweza kupitia mchezo aliocheza Karpov na Kasparov huko Moscow mwaka 1985, hatua kwa hatua, na akaona nani alikosea wapi. Hakuna anayemwambia kwamba hatua ya 16 ni siri.

Lakini ukija kwenye pesa za mchezo huohuo, kalamu inapotea.

FIDE iliundwa Paris mwaka 1924. Wanachama wake ni vyama vya nchi, na kila nchi ina kura 1. Kura ya Kenya ni sawa na ya Urusi au ya India. Kwa hiyo mtu asiseme mambo ya FIDE ni ya wazungu, sisi hayatuhusu. Yanatuhusu kwa kiasi kilekile yanachowahusu wao.

Mwaka 2012 FIDE ilitia saini mkataba na kampuni ya Agon ya Andrew Paulson, ikaikabidhi haki za kuandaa na kuuza mashindano ya ubingwa wa dunia kwa miaka mingi. Hicho ndicho kitu chenye thamani kubwa kuliko vyote alivyo navyo FIDE. Mwaka 2014 ikatoka hadharani hati iliyozua madai kwamba Kirsan Ilyumzhinov, aliyekuwa rais wa FIDE, alikuwa na maslahi ndani ya kampuni hiyo hiyo. Madai ni madai, na mimi si hakimu. Ninachotazama ni namna dunia ilivyojua: kwa karatasi iliyovuja. Kama majina ya wenye kampuni na masharti ya mkataba yangewekwa wazi mbele ya vyama vyote tangu siku ya kwanza, madai hayo yangekufa siku hiyo au yangethibitishwa siku hiyo. Vyama havingeachwa kubishana miaka 2 baadaye juu ya karatasi ambayo havikuonyeshwa.

Wapinzani nao hawakuwa malaika. Januari 2014 gazeti la New York Times lilieleza juu ya rasimu ya mkataba kati ya Garry Kasparov, aliyekuwa anagombea urais wa FIDE, na Ignatius Leong wa Singapore, aliyekuwa katibu mkuu wa shirikisho hilo. Upande mmoja pesa, upande wa pili kura. Agosti 2014, mjini Tromsø, Norway, Kasparov alishindwa kwa kura 110 kwa 61, na mwaka 2015 kamati ya maadili ya FIDE ikawafungia yeye na Leong miaka 2. Kambi mbili zinazochukiana, na ugonjwa wao mmoja: mikataba iliyoandikwa ili isisomwe na wale inayowahusu.

Somo la riadha

Tuache Ulaya, turudi nyumbani. Novemba 2015 wanariadha wa Kenya waliingia Riadha House, Nairobi, wakafunga milango na kuwazuia viongozi kuingia ofisini. Walikuwa wamechoka kuuliza pesa za udhamini wa Nike zinakwenda wapi. Siku chache baadaye kamati ya maadili ya shirikisho la riadha la dunia ikawasimamisha viongozi 3 wa juu wa Athletics Kenya wakati uchunguzi ukiendelea juu ya pesa hizo. Machi 2016 New York Times likaandika juu ya malipo ya dola 500,000 yaliyotolewa kama bahasha ya kuingia mkataba mpya, ambayo yalitoka kwenye akaunti ya chama muda mfupi baada ya kuingia. Viongozi walikana. Mwaka 2018 mmoja wao, David Okeyo, akafungiwa maisha.

Sasa jiulize kama mwandishi wa programu: kosa hili lingekamatwa wapi mapema zaidi? Mkaguzi anaweza kupitwa, kwa sababu anakagua pesa baada ya kuingia na kutoka. Lakini mwanariadha anayejua kwamba mkataba unasema "dola 500,000 zitalipwa tarehe fulani" anaweza kuuliza swali moja tu siku inayofuata: ziko wapi? Huhitaji kuwa mhasibu kuuliza swali hilo. Unahitaji kuujua mkataba.

Sheria inasemaje

Wapo watakaosema mkataba una kifungu cha usiri, kwa hiyo mikono ya kamati imefungwa. Hoja hiyo ilishapelekwa mahakamani hapa Pwani. Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo waliishtaki serikali ili itoe mikataba ya reli ya SGR. Serikali ikasema kuna masharti ya usiri. Mei 2022 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu ya Mombasa akaamuru mikataba itolewe, kwa nguvu ya kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010, kinachompa raia haki ya kupata habari. Novemba mwaka huohuo waziri Kipchumba Murkomen akatoa sehemu ya mikataba ya mkopo. Wananchi wakasoma kwa macho yao kwamba migogoro ingeamuliwa Beijing, na kwamba mkataba wenyewe ndio uliokuwa umeagiza usiri. Kama mkopo wa mabilioni kati ya mataifa mawili unaweza kusomwa na wananchi, mkataba wa kukodi ukumbi na meza 40 una siri gani?

Kuna pia Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Inaagiza taasisi ya umma, ikishatia saini mkataba, itangaze kilichonunuliwa, kiasi cha pesa, jina la anayelipwa na muda wa kazi. Na inapoeleza ni shirika gani la binafsi linaloguswa na haki ya kupata habari, inataja lile linalopokea au kutumia pesa za umma. Chama cha mchezo kinachopewa tiketi za ndege na serikali kijitazame vizuri hapo. Ukiomba habari kwa maandishi, sheria inatoa siku 21 za kujibiwa, na usiporidhika unakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Lakini mimi sipendi chama kingoje kuburutwa na sheria. Mwanachama si mpita njia anayeomba habari. Yeye ndiye mwenye nyumba.

Visingizio vinne

Cha kwanza: wadhamini watakimbia. Marekani chama cha sataranji ni shirika lisilo la faida, na mashirika ya namna hiyo hujaza kila mwaka fomu iitwayo 990, inayowekwa wazi kwa umma. Ndani yake mna mishahara ya viongozi wa juu na majina ya wakandarasi 5 wanaolipwa zaidi, ikiwa wamepita dola 100,000. Wadhamini hawajakimbia. Mdhamini anayekimbia mwanga, bora akimbie mapema.

Cha pili: bei ni siri ya biashara. Kabla bahasha za zabuni hazijafunguliwa, naam, ni siri, na lazima iwe hivyo. Baada ya kutia saini, bei ni habari ya yule anayelipa. Mimi mwenyewe ni mwuzaji, naishi kwa kazi hizi, na sioni hasara washindani wangu wakijua nimelipwa ngapi. Watakaoona hasara ni wale wanaouza kitu kimoja kwa bei tatu.

Cha tatu: kuna habari za watu binafsi. Hiki ni cha kweli, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 ipo. Basi futa nambari za kitambulisho, nambari za simu, akaunti za benki na majina ya watoto. Ni kazi ya nusu saa. Jina la kampuni na bei havimo katika orodha hiyo.

Cha nne: wanachama hawaelewi. Kati ya wanachama 200 yupo wakili, yupo mwalimu wa hesabu, yupo fundi wa kompyuta, yupo mama anayenunua bidhaa za duka kila wiki na anajua bei kuliko kamati nzima. Hawa watu wanakaa saa 4 kufikiria hatua ya farasi. Kurasa 6 za mkataba zitawashinda?

Uwazi bila msomaji haufai kitu

Hapa nataka niwe mkweli, maana sisi mashabiki wa programu huria tunapenda kusema kwamba kitu kikiwa wazi basi makosa yataonekana yenyewe. Si hivyo. Mwaka 2014 liligunduliwa kosa la Heartbleed ndani ya OpenSSL, programu inayolinda siri za sehemu kubwa ya tovuti za dunia. Msimbo wake ulikuwa wazi kwa kila mtu, na kosa lilikaa humo miaka 2. Kila mmoja alidhani mwenzake amesoma.

Kwa hiyo kuweka PDF kwenye tovuti na kwenda kulala ni nusu ya kazi. Chama kichague wanachama wawili wasio kwenye kamati, kila mwaka wengine, kazi yao iwe kusoma kila mkataba na kulinganisha na malipo yaliyofanyika. Waandike ukurasa mmoja kila miezi 3. Hawalipwi, hawana kura kwenye kamati, wana macho tu.

Na kitakachochapishwa kiwe hiki, ndani ya siku 14 za kutia saini:

1. Mkataba mzima, na nyongeza zake zote. Wizi mwingi hauko kwenye mkataba wa kwanza, uko kwenye nyongeza ya pili.
2. Kiasi, sarafu, na tarehe za malipo.
3. Jina la kampuni na majina ya wenye kampuni.
4. Nani wengine walitoa bei, na kwa nini huyu alichaguliwa. Kama hakuulizwa mwingine, iandikwe hivyo.
5. Tamko la kila mjumbe wa kamati kwamba ana uhusiano au hana uhusiano na anayelipwa.
6. Malipo yaliyofanyika, kila yanapofanyika.

Mikataba midogo, tuseme chini ya shilingi 50,000, itoshe mstari mmoja kwenye jedwali.

Msiniambie mfumo ni ghali. Jedwali la CSV na folda ya mafaili vinatosha kabisa kwa chama cha sataranji. Anayetaka kwenda mbele zaidi, upo mpangilio wa wazi wa data za mikataba uliotolewa mwaka 2014, unaofuata mkataba tangu mipango, zabuni, uteuzi, saini hadi utekelezaji. Kaunti ya Makueni ilizindua tovuti ya mikataba yake kwa mpangilio huo mwaka 2019. Kaunti nzima, na barabara zake na visima vyake. Chama kitashindwa na mikataba 12 kwa mwaka?

Kwa nini naandika haya kutoka Mokowe

Kuna mtu ataniambia: mikataba iko ofisini, anayetaka aje asome. Sawa. Ofisi iko Nairobi. Mwanachama wa Mokowe apande basi hadi Mombasa, kutoka hapo apande jingine, alale njiani, asome karatasi kwa nusu saa huku katibu akitazama saa, kisha arudi. Wa Lamu mjini, Matondoni au Faza aanze kwa boti kwanza. Ada tunalipa sawasawa na mtu wa Westlands, lakini haki yetu imepunguzwa kwa nauli. Mkutano mkuu ni hivyohivyo. Wanaofika ni walio karibu na waliolipiwa, na waliolipiwa wanajua wamelipiwa na nani.

Ndiyo maana kwa watu wa pembezoni karatasi iliyochapishwa si mapambo. Ndiyo mkutano wetu. Na sisi wa Lamu somo hili tulishalisoma mahali pengine kabisa. Juni 2019 mahakama ya mazingira ilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa kaunti hii, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano ilikuwa imefanyika. Lakini mtu akiitwa kwenye kikao bila kupewa karatasi za kusoma, ameitwa kupiga makofi.

Basi wewe mwanachama wa chama cha sataranji, au cha ushirika, au cha wavuvi, au cha wenye boti, nakupa azimio la kupeleka kwenye mkutano mkuu ujao. Linakili, badilisha jina la chama, mtumie katibu kwa barua pepe siku zinazotakiwa kabla ya mkutano:

"Mkutano huu unaazimia kwamba kila mkataba wa chama utachapishwa kwa wanachama wote ndani ya siku 14 baada ya kutiwa saini, na kwamba kamati haina mamlaka ya kukubali kifungu chochote kinachowaficha wanachama bei, mwenye kulipwa, au muda wa mkataba."

Sentensi moja. Ile sehemu ya pili ndiyo muhimu zaidi, kwa sababu inamfungia mlango mwenyekiti kabla hajafika mezani na mdhamini. Akiombwa usiri atajibu kwa amani kabisa kwamba katiba ya chama hairuhusu. Mwenyekiti mwaminifu atashukuru kupewa jibu hilo. Yule atakayesimama kulipinga azimio, msikilizeni mpaka mwisho, kisha mwombeni awaonyeshe mkataba wa mwisho aliotia saini.